Mfano Unao Mwenyewe

Chumba cha boila, 3 Februari

Kwako Bi Kimya, mtoto wa dada yangu,

Naambiwa umemaliza shule na sasa umejikunyata nyumbani unasubiri matokeo kama kuku aliyenyeshewa. Usihangaike, nimekupatia kazi.

Kiwanda chetu cha kufulia kimepata wakubwa wapya. Walipita wakagusagusa kila kitu kwa ncha ya kidole, halafu wakabandika tangazo ukutani: mfanyakazi asiye na cheti cha sekondari atasimama mbele ya jopo aulizwe maswali ya shule. Akishindwa, aende zake. Maswali yatatoka kwenye hali ya hewa, kemia, mimea na historia ya enzi za kati. Mimi nimeiwasha boila hii tangu wewe hujaota meno. Mashuka ya hospitali nzima yanapita kwenye mvuke wangu. Leo naambiwa nisipomjua mfalme fulani aliyezikwa zamani, maji hayatachemka.

Basi nifundishe, tena kwa barua. Ana kwa ana ni bure, maana wewe hata dukani unapeleka kikaratasi. Ila andika kwa mtiririko. Mimi si mtu wa kuelewa, ni mtu wa kukariri. Nasoma kwa sauti mbele ya boila mpaka maneno yakae, yote, kwa mpangilio wake. Nikiruka moja, yaliyobaki yanamwagika kama shanga zilizokatikiwa uzi.

Nikishindwa, unajua nitakakohamia. Chumba kile cha nyuma bado kina dirisha zuri, au sivyo?

Mjomba wako


Nyumbani, 8 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nitakufundisha. Usidhani ni kwa mapenzi. Chumba cha nyuma sasa ni changu. Nimeupaka rangi ukuta uliokuwa ukiegemeza kichwa chako cha mafuta, nikarudia kupaka, ndipo alama ikaondoka. Ulikaa humo muda wote niliokuwa shule ya msingi, na kila ukiulizwa ulisema ni wiki mbili tatu tu. Sitaki wiki zile zirudi. Kwa hiyo soma.

Somo la kwanza ni hali ya hewa. Jua hupasha maji, maji hugeuka mvuke, mvuke hupanda. Huko juu hupoa na kugeuka matone madogo sana, nayo ndiyo wingu. Matone yakiungana yakawa mazito, huanguka, na hiyo ndiyo mvua. Wingu likikaa chini kabisa, ardhini, linaitwa ukungu. Ukungu ni wingu lisilo na haraka ya kwenda kazini, kama wewe.

Usichanganye hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wa mahali kwa miaka mingi. Mtu akiamka siku moja amenuna, hiyo ni hali ya hewa. Akiwa mvivu tangu ananyonya mpaka ameota mvi, hiyo ni tabianchi, na mfano wake ni huyu ninayezungumza naye sasa.

Kariri hayo kwanza. Nikikupa mengi utayaacha kwenye sahani, kama ilivyo desturi yako.

Mpwa wako


Chumba cha boila, 15 Februari

Kwako Bi Kimya,

Nimekariri. Mama anayesimamia wapiga pasi alinisikiliza akashika mbavu. Anasema maisha yake yote hajawahi kusikia wingu likitukanwa. Nimemwambia mwalimu wangu ana ndimi mbili: wa mdomoni umelala, wa kwenye kalamu unang'ata.

Kuhusu chumba, punguza kilio. Ulikuwa mtoto, ukalala na mama yako kwenye kitanda kikubwa, joto tele. Aliyeteseka ni mimi, na godoro lile lenye bonde katikati. Halafu nilikaa kwenu kwa faida yenu. Nyumba isiyo na mwanamume haina ulinzi, kila mtu anajua.

Umeandika vizuri kuliko nilivyotarajia, jambo ambalo si kubwa, maana sikutarajia kitu. Lete kemia.

Mjomba wako


Nyumbani, 19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kuhusu kitanda cha mama, sawa.

Kemia. Mchanganyiko ni vitu vilivyokaa pamoja bila kuoana, kama mchanga na unga wa chuma. Ukipitisha sumaku, chuma kinaondoka na mchanga unabaki ulivyokuwa. Kampaundi ni vitu vilivyooana hasa, kama haidrojeni na oksijeni ndani ya maji. Hapo sumaku haisaidii, wala chujio. Wewe na nyumba yetu mlikuwa mchanganyiko. Ulipoondoka hatukupungukiwa na kitu.

Asidi ina uchachu, kama siki na ndimu, na hugeuza karatasi ya litmasi ya buluu kuwa nyekundu. Besi huteleza kama sabuni, na hugeuza nyekundu kuwa buluu. Asidi ikikutana na besi kwa kipimo kinachofaa, kila moja hupoteza makali yake, na kinachobaki ni chumvi na maji. Wewe ni asidi, mama ni besi. Ndiyo maana kila mlipogombana kilichobaki kilikuwa chumvi na maji, vikimtoka mama machoni.

Mama amesoma mstari huo akiwa nyuma ya bega langu. Amesema nimezidi, kwamba wewe ni mjomba wangu, si mdudu, na kwamba alilia kwa sababu ya vitunguu. Kimoyomoyo nilisema tulikuwa tunakula vitunguu vingi mno siku zile.

Mpwa wako


Chumba cha boila, 26 Februari

Kwako Bi Kimya,

Asidi imekaa kichwani. Chumvi na maji pia vimekaa. Ningependa viondoke lakini haviondoki, nimeshakuambia ubongo wangu hauna koleo la kuchagua.

Tumepangiwa siku ya mtihani, ni tarehe ishirini mwezi ujao. Fundi wa mashine za kukamulia ameanza kujifunza majina ya mawingu kwa lugha za kigeni na sasa haongei na watu wa kawaida. Dereva wa gari la mashuka ameshaaga, anasema heri aache mwenyewe kuliko kuulizwa habari za maua na mtu aliyevaa viatu vyenye ncha. Mimi sitaaga. Nikitoka hapa ni mpaka nifukuzwe, na nikifukuzwa mlango wenu naujua.

Dada yangu ananitumia salamu, wewe hunitumii hata moja. Shikamoo yako ni ya kulazimishwa, naisikia inavyosaga meno.

Lete yaliyobaki.

Mjomba wako


Nyumbani, 4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Shikamoo hiyo nimeiandika kwa hiari. Ni fupi, haichoshi.

Mimea. Mzizi hunyonya maji, shina huyapandisha, jani hupika. Jani huchukua maji, huchukua hewa ya kabonidioksaidi, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hutengeneza sukari na kutoa oksijeni tunayopumua. Kazi hiyo inaitwa usanisinuru. Mmea hauketi mezani ukigonga sahani kwa kijiko ukiuliza leo kuna nini. Lakini kuna mimea inayoitwa vimelea. Kimelea hung'ang'ania mti wa mwenzake na kuunyonya, na mti ukikauka hushangaa. Mfano unao mwenyewe.

Historia. Katika enzi za kati mfalme aliwagawia makabaila ardhi, nao wakaahidi kumpigania. Watwana ndio waliolima. Mtwana hakuruhusiwa kuhama. Alilima, akavuna, akapeleka fungu ngomeni, na kabaila akasema, mimi nakulinda. Mfumo huo ndio ukabaila. Kwa kifupi, kabaila ni mtu anayekaa kwenye nyumba asiyoifagia, anakula asichokipika, kisha anaita hilo ulinzi. Umetaja ulinzi wewe mwenyewe, kwa hiyo mfano sikuutafuta mbali. Paka alipoangusha sufuria tukadhani ni mwizi, aliyekwenda kuangalia ni mama, na wewe ukauliza ukiwa ndani ya shuka kama amemkamata.

Yamekwisha. Mama anasema nikuandikie masomo yote upya, safi, bila matusi, usije ukaaibika. Ukitaka nitafanya hivyo. Lakini uombe, tena kwa adabu.

Mpwa wako


Chumba cha boila, 9 Machi

Kwako Bi Kimya,

Nimuombe nani? Wewe? Mtoto niliyemfuta kamasi kwa shati langu la sikukuu?

Sibadilishi kitu. Nimeshayameza na mifupa yake.

Mjomba wako


Ofisi ya Utumishi, Kiwanda cha Kufulia
23 Machi

Kwa Mwalimu wa Mtahiniwa wa Chumba cha Boila,

YAH: UTHIBITISHO WA MAFUNZO

Katika fomu ya mtihani, penye nafasi ya kutaja shule, mtahiniwa aliandika “mpwa wangu”. Jopo linachukulia kuwa mpwa huyo ni wewe.

Mtahiniwa alisimama mbele ya jopo tarehe 20 Machi. Alipoulizwa ukungu ni nini, alijibu kwamba ni wingu lililo ardhini, kisha akamtazama Mwenyekiti na kusema kuwa ni wingu lisilo na haraka ya kwenda kazini, “kama wewe”. Ifahamike kuwa siku hiyo Mwenyekiti alikuwa amechelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Alipoulizwa tofauti ya hali ya hewa na tabianchi, alitaja mtu mvivu tangu ananyonya mpaka kuota mvi, akasema mfano ni “huyu ninayezungumza naye sasa”. Mwenyekiti ana mvi.

Katika kemia alijibu ipasavyo, ila alimwambia Mwenyekiti kuwa yeye ni asidi na kwamba alimliza mama. Mama huyo hakufahamika.

Katika mimea aliulizwa maana ya kimelea na mjumbe ambaye, kwa sababu za kifamilia, anaishi nyumbani kwa Mwenyekiti. Alieleza, kisha akamwambia mjumbe huyo, “Mfano unao mwenyewe.” Kikao kiliahirishwa kwa muda.

Katika historia alianza vizuri, akawataja mfalme, makabaila na watwana. Akaishia hapo. Alipoulizwa kama amesahau, alisema hajasahau, ila hapo hataki kupita kama palivyoandikwa. Karani amenukuu maneno yake: “Kabaila ni mimi. Nilikaa kwa dada yangu nikasema nawalinda. Mtoto wake alilala jikoni, nyuma ya mlango, juu ya magunia, na mimi nikawa nasema analala kitanda kikubwa na mama yake. Kila asubuhi nilimruka kwenda kuchukua chai.” Jopo halikuona uhusiano wa maelezo haya na enzi za kati.

Mwenyekiti anapendekeza mtahiniwa aachishwe kazi kwa kulitukana jopo. Mtahiniwa alipotakiwa kujieleza alisema tu kwamba ndivyo alivyofundishwa. Unatakiwa kuthibitisha, kabla ya mwisho wa mwezi, iwapo maneno hayo ni sehemu ya mafunzo. Usipojibu, jopo litachukulia kuwa si sehemu.

Karani wa Jopo


Nyumbani, 27 Machi

Kwa Jopo la Mtihani,

Mimi ndiye mpwa. Sina cheti cha ualimu, na matokeo yangu mwenyewe hayajatoka. Mama alitaka nije kuwaona. Ningekuja, ningesimama mlangoni kwenu mpaka mfunge ofisi bila kubisha hodi, kwa hiyo naandika.

Maneno ya ukungu, ya mvivu, ya asidi na ya kimelea ni sehemu ya mafunzo. Niliyaandika mimi, kumtukana mjomba wangu. Yeye hukariri kila neno kwa mpangilio na hawezi kuruka hata moja. Aliniambia tangu barua ya kwanza, nikadhani anapiga porojo. Kwa hiyo hakumtukana Mwenyekiti, alimsomea somo. Kama matusi yamemkaa Mwenyekiti vizuri, na yule mjumbe yakamkaa vizuri zaidi, mimi sina la kusema. Mshonaji hakuwa amewapima.

Ukiondoa matusi, majibu yote ni sahihi. Fungueni kitabu chochote cha shule. Mlimuuliza mtu wa boila mambo ya shule akawajibu ya shule. Kuhusu boila hamkumuuliza hata swali moja. Labda mlihofia kwamba angejibu na hakuna kati yenu ambaye angejua kama amepatia.

Mnaweza kusema namtetea kwa sababu akifukuzwa atahamia kwetu na kuchukua chumba changu. Ni kweli, hiyo ndiyo sababu ya kumfundisha tangu mwanzo. Lakini ukungu unabaki kuwa wingu lililo ardhini hata anayesema hivyo akiwa na sababu zake.

Jibu la historia sikumfundisha. Katika somo langu hapakuwa na jiko wala magunia. Sijapata kumwambia mtu habari hizo, na aliponiandikia kwamba nililala kitanda kikubwa nilimjibu “sawa”. Nilidhani hajui. Jibu hilo ni lake mwenyewe, na mnakosea kusema halihusiani na enzi za kati. Mliuliza ukabaila ni nini. Makabaila wote wa zamani walikufa bila kulijibu swali hilo, wa kwenu amelijibu akiwa amesimama, mbele ya watu. Mpeni alama zake.

Mpwa


Chumba cha boila, 6 Aprili

Kwako Bi Kimya,

Wameniacha kazini. Fundi wa mashine za kukamulia naye amepita, lakini aliulizwa mvua inatoka wapi akataja jina la wingu kwa lugha ya kigeni mpaka wakamwomba aketi.

Karani aliniita akanisomea barua yako kwa sauti, na wale mama wa pasi wakiwa wamejaa mlangoni. Penye mshonaji walipiga vigelegele. Ilipofika jibu la historia nilimwambia boila inaniita nikatoka, kwa hiyo sijui uliandika nini pale na usiniambie.

Mwenyekiti ameagiza kuanzia sasa nisiseme naye mdomo kwa mdomo, nikiwa na neno niandike. Nimemwambia hilo halinipi shida, ni ugonjwa wa ukoo wetu. Amesema mwalimu wangu ana mdomo mchafu. Nimemwambia hamjui. Huyo hana mdomo kabisa, ana kalamu tu, na ndiyo salama yenu.

Chumba kaa nacho. Dirisha lenyewe linaingiza vumbi, nililisifu kwa adabu.

Mjomba wako


Nyumbani, 10 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama anasema uje Jumapili ulale, urudi Jumatatu. Sina pingamizi. Ameanza kumenya vitunguu tangu leo, kwa hiyo ukimkuta na machozi usijipe umuhimu.

Chumba cha nyuma sikupi. Utalala jikoni, nyuma ya mlango. Nimekupangia magunia, na juu yake nimeweka godoro lile lenye bonde. Mimi sikuwa nalo, kwa hiyo usiseme sikukuenzi.

Kuna somo moja la hali ya hewa nililiruka, nikidhani halitakufaa. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, kwa hiyo hushuka na kukaa chini. Ndani ya chumba, sakafuni ndiko kwenye baridi kuliko pote, hasa karibu na mlango. Mfano nilikuwa nao mwenyewe, kuanzia Jumapili na wewe utakuwa nao. Kabla ya kulala, ziba uwazi wa chini ya mlango kwa kitambaa. Kipo kwenye msumari, kilekile.

Asubuhi mimi ndiye ninayechukua chai. Usishtuke ukisikia miguu. Nitazunguka.

Mpwa wako